Ng'ombe wakigeuka ngâ€™ombe: mwongozo kamili wa maandishi yanayovurugika ukikopi na kupesti

Mama mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Makole, Dodoma, ameshika barua ya kikundi chao cha kukopeshana. Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea karatasi mezani huku kidole kikiwa juu ya mstari wa tatu: "Kikao kitafanyika Changâ€™ombe, nyumbani kwa mhazini."

"Mwanangu, hivi ni virusi?"

Nikamwambia hapana mama, si virusi, na printa ya huko alikotoka haina kosa. Katibu wao aliandika kwa ritifaa (kile kialama cha kwenye ng') ya kupinda, akatuma faili, na aliyelipokea akalifungua kwa programu iliyosoma namba sahihi kwa jedwali lisilo lake. Nakala 40 zilikuwa zimeshaprintiwa.

Mambo haya nakutana nayo karibu kila siku, na karibu kila mtu anayatibu kwa njia mbaya kuliko zote: anafuta kwa mkono na kuandika upya, neno kwa neno, kisha kesho yake yanarudi. Nimeandika hapa ninavyofanya mimi, kuanzia kutambua tatizo mpaka kulizuia. Kompyuta nyingi zinazoingia kwangu ni za Windows na menyu zake ni za Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nayaacha kama utakavyoyaona kwenye kioo.

Kwanza elewa kinachoendelea

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Ukibonyeza a inahifadhi 97. Ukibonyeza ritifaa ya kawaida ya kwenye kibodi inahifadhi 39. Ili namba zirudi kuwa herufi lazima pawe na jedwali linalosema namba ipi ni herufi ipi. Wataalamu huita kazi hiyo usimbaji. Mimi nitasema jedwali tu.

Mtangazaji wa mpira pale uwanja wa Jamhuri akiona jezi namba 10, anatazama orodha iliyo mkononi mwake ndipo ataje jina. Mpe orodha ya timu nyingine, atakutajia mtu ambaye hata mjini hayupo. Mchezaji ni yuleyule na jezi ni ileile. Kilichokosewa ni karatasi.

Majedwali yapo mengi, ila matatu yanatosha kukuelewesha karibu kila kinachotokea hapa kwetu. La kwanza ni ASCII, la mwaka 1963, lenye nafasi 128. Herufi zote za Kiswahili zimo humo, maana hatuna alama juu ya irabu wala chini ya konsonanti, na ndiyo sababu mtu anaweza kuandika Kiswahili miaka 10 bila kuona kasoro yoyote. La pili ni Windows-1252, lenye nafasi 256, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Kwenye menyu za Windows mara nyingi utaliona limeandikwa ANSI. La tatu ni UTF-8. Hili walilibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, wakilichora kwenye karatasi ya kuwekea sahani katika mgahawa mmoja wa New Jersey, na leo ndilo linalobeba herufi za lugha zote pamoja na vikatuni vyote vya WhatsApp.

Mahali Kiswahili kinapoumia ni pamoja tu: ng'. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, na kwetu Dodoma majina ya kata kama Chang'ombe na Ng'hong'onha, ambayo ina ritifaa mbili kwa mpigo.

Tuitazame hiyo ritifaa kwa karibu. Word ikiona umeibonyeza katikati ya neno, inaibadilisha kimyakimya iwe ya kupinda, ’, kwa sababu inapendeza kwenye karatasi. Hiyo ya kupinda si 39 tena. Ni 8217. Namba hiyo haienei kwenye baiti moja, yaani chumba kimoja cha kuhifadhia namba, kwani baiti moja inaishia 255, basi UTF-8 inaiandika kwa baiti tatu zinazofuatana: 226, 128, 153. Programu inayosoma kwa Windows-1252 haina habari kwamba hizo tatu ni mtu mmoja. Inazisoma mojamoja: 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Ziunganishe upate â€™. Hapo ndipo Chang'ombe yenye herufi 10 inapokuwa na 12.

Ukishalielewa hili, uchafu huo unakuwa ushahidi. Unakuambia maandishi yaliandikwa kwa jedwali gani na yakasomwa kwa jedwali gani, na kwa hiyo njia ya kurudi ni ipi.

Kabla hujagusa kitu, tunza nakala

Kopi faili lililoharibika uliweke pembeni, kisha fanya kazi kwenye nakala. Hatua hii inachosha kusomwa, najua, lakini ndiyo inayotenganisha tatizo la dakika tano na tatizo lisilo na dawa. Maandishi yakionekana vibaya kwenye kioo, mara nyingi namba ndani ya faili bado ni nzima. Ukibonyeza Ctrl+S katika hali hiyo, programu inaweza kuandika ule uchafu juu ya ile namba nzima. Funga bila kuhifadhi. Omba pia aliyekutumia akutumie tena lile la mwanzo, hata kama unadhani hutalihitaji.

Soma dalili

Kila aina ya uchafu ina maana yake. Hizi ndizo ninazoziona zaidi:

- â€™ au â€œ au Ã© au Â iliyokaa peke yake kabla ya nafasi: UTF-8 imesomwa kwa Windows-1252. Inatibika, mara nyingi kwa ukamilifu.
- � (kiulizo ndani ya almasi nyeusi): kinyume chake, Windows-1252 imesomwa kwa UTF-8. Kama ipo kwenye kioo tu, faili bado ni zima. Kama mtu alishalihifadhi hivyo, herufi imekufa.
- ? ya kawaida mahali pa herufi, kama "Chang?ombe": programu ilitafuta herufi kwenye jedwali lake dogo, haikuiona, ikaweka kiulizo. Hakuna cha kurudisha. Rudi kwenye chanzo.
- Kisanduku kitupu □: maandishi ni mazima, fonti ndiyo haina umbo la herufi hiyo. Badilisha fonti tu.
- § au ü au Ø mwanzoni mwa kila mstari wa orodha: hizo ni vidoti, tiki na mishale ya fonti ya Wingdings iliyovuliwa fonti yake. Tiki ya Wingdings kwa ndani ni ü, na kidoti cha mraba ni §. Barua pepe yenye herufi J peke yake mwishoni mwa sentensi ni hivyohivyo: ilikuwa uso wa tabasamu.
- ï»¿ mwanzoni kabisa mwa faili: hiyo ni alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu huiweka kutangaza kwamba faili ni la UTF-8. Msomaji hakuielewa akaichapisha.

Watu wengi wakiona kisanduku wanaanza kuhangaika na majedwali, na wakiona â€™ wanabadilisha fonti. Ni kinyume. Fonti haijawahi kumtibu mtu wa â€™, hata ukipitia fonti zote za Word toka ya kwanza hadi ya mwisho.

Tibu faili kwa kulifungua upya, si kwa kulihariri

Kama unalo faili lenyewe, usihangaike na herufi mojamoja. Lifunge, ulifungue tena ukitaja jedwali sahihi.

Kwa faili la maandishi matupu, fungua Notepad kwanza, nenda File, kisha Open, na chini ya dirisha utaona sehemu ya Encoding. Chagua UTF-8, ndipo ufungue. Ukitaka kujua faili lililo wazi limesomwaje, tazama ukingo wa chini wa dirisha upande wa kulia. Notepad za kuanzia mwaka 2019 zinaandika pale. Tangu toleo hilo pia Notepad inahifadhi kwa UTF-8 yenyewe. Kompyuta ya kabla ya hapo itakuhifadhia kwa ANSI usipoiambia, na kwenye steshenari za mjini hapa kompyuta za namna hiyo bado zinakula umeme.

Kwa faili la CSV, lile la orodha lenye mikato, kosa kubwa ni kulibonyeza mara mbili. Excel inalifungua haraka bila kuuliza, na likiwa la UTF-8 lisilo na ile alama ya mwanzo, inalisoma kwa jedwali la Windows. Fanya hivi badala yake: fungua Excel tupu, nenda Data, chagua From Text/CSV, onyesha faili, na kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Utaiona ng' inarudi palepale kwenye dirisha la kuchungulia, kabla hata hujakubali. Wakati wa kuhifadhi chagua CSV UTF-8. Usichague CSV ya kawaida, maana hiyo itageuza kila kisichomo kwenye jedwali dogo kuwa kiulizo.

Faida ya njia hiyo si ng' peke yake. Kubonyeza mara mbili ndiko pia kunakokula sifuri ya mwanzo ya namba za simu, na ndiko kunakoharibu namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa: zina tarakimu 20, Excel inashika tarakimu 15 tu na zinazobaki inazifanya sifuri. Kwenye lile dirisha unaweza kuiambia safu hiyo ni maandishi, si namba. Hilo si tatizo la jedwali, lakini nimeona orodha ya waombaji ikiharibika kwa yote mawili siku moja, na la NIDA ndilo lililoumiza zaidi.

Mwenye LibreOffice ana raha. Ukifungua CSV kwa Calc, inakuuliza jedwali kila mara, upende usipende.

Kama huna faili, una maandishi tu yaliyokwisha kuharibika

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Umepokea kurasa sita zimejaa â€™, aliyetuma hapatikani, faili la mwanzo halipo. Usiandike upya. Pakua Notepad++, ambayo ni ya bure, kisha fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Bandika maandishi yaliyoharibika kwenye ukurasa mpya, uuhifadhi kwa jina lolote.
2. Menyu ya Encoding, chagua Convert to ANSI. Kwa macho hutaona badiliko, lakini ndani â€™ imerudi kuwa baiti tatu: 226, 128, 153.
3. Menyu hiyohiyo, chagua UTF-8 ya juu, isiyo na neno Convert. Ikikuuliza kama uendelee, kubali. Ritifaa zinarudi zote kwa pamoja.
4. Hifadhi.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo siri yote. Yenye Convert inabadilisha namba ili herufi zibaki zilezile. Isiyo na Convert inaacha namba zilivyo na kubadilisha jedwali la kuzisomea. Ukizichanganya unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, na hivyo ndivyo inavyozaliwa Ã¢â‚¬â„¢, ambayo ni ritifaa iliyoharibiwa mara mbili. Ukikutana nayo usiogope. Pitisha hatua ya pili na ya tatu mara mbili.

Njia hii ina mipaka miwili. Kama ndani ya maandishi kuna kitu kizima kisichomo kwenye Windows-1252, mathalani kikatuni au herufi ya Kiarabu, hatua ya pili itakigeuza kiulizo, kwa hiyo kitoe kwanza. Na alama ya kufungia usemi, ”, baiti yake ya mwisho ni 157, ambayo Windows-1252 haina herufi yake, mara nyingi imedondoka njiani na unabaki na â€ isiyo na mkia. Hiyo itakubidi uibadilishe kwa kutafuta na kubadilisha.

Ukilazimika kutumia hiyo njia ya kutafuta na kubadilisha kwa kila kitu, anza na zenye herufi tatu: â€™ iwe ', kisha â€œ iwe ", kisha â€“ iwe kistari. Ile fupi â€ ifanye mwisho. Ukianza nayo utakuwa umeng'oa miguu ya zile nyingine zote na utabaki na vipande vya ™ na œ vinavyoelea.

Kupesti kwenyewe

Kupesti kunalaumiwa kuliko kunavyostahili. Ukikopi kutoka Word, Windows haishiki kitu kimoja. Inashika maandishi yaleyale katika sura kadhaa kwa wakati mmoja: yenye mapambo ya Word, yenye mapambo ya ukurasa wa wavuti, matupu ya Unicode (ile orodha kuu ya herufi za lugha zote), na matupu ya jedwali dogo la zamani. Programu inayopokea ndiyo inayochagua sura gani ichukue. Programu za leo huchukua ya Unicode na hakuna kinachoharibika. Ya zamani, kama ile ya uhasibu aliyokuuzia fundi mwaka 2006, inachukua hiyo ya mwisho, na hapo ndipo viulizo vinapoingia.

Kwa hiyo kama ukipesti mahali pamoja maandishi yanakaa sawa na mahali pengine yanavurugika, tatizo ni la anayepokea. Mpelekee kitu anachokiweza: ritifaa iliyonyooka, alama za usemi zilizonyooka, kistari kifupi. Basi.

Watakuambia pesti kwa Ctrl+Shift+V, au pitisha kwenye Notepad kwanza. Ushauri huo ni mzuri, nami naufanya kila siku, lakini ujue unachofanya. Unavua mapambo: rangi, fonti, jedwali la safu, viungo. Hauvui herufi. Ritifaa ya kupinda ikipita Notepad inatoka ikiwa imepinda vilevile. Wengi hawalijui hili, wanapitisha kwenye Notepad wakidhani wamesafisha, kisha wanashangaa.

Izime ritifaa ya kupinda kwenye chanzo

Ukiniuliza nichague hatua moja tu katika mwongozo wote, nachagua hii. Kwenye Word: File, Options, Proofing, bonyeza AutoCorrect Options, fungua AutoFormat As You Type, na utoe tiki kwenye mstari unaosema "Straight quotes" with "smart quotes". Google Docs: Tools, Preferences, ondoa Use smart quotes. iPhone: Settings, General, Keyboard, zima Smart Punctuation.

Kwa waraka uliokwisha kuandikwa, ukishaizima, fungua Ctrl+H kwenye Word, andika ' juu na ' chini, bonyeza Replace All. Inaonekana ni upuuzi kubadilisha kitu kwa kitu hichohicho, lakini Word inapotafuta haitofautishi iliyonyooka na iliyopinda, na inapoandika inaweka uliyoibonyeza. Zote zitanyooka. Rudia kwa alama za usemi.

Kitabu kinachokwenda kwa mchapaji, waache wapinde. Kwenye karatasi ritifaa ya kupinda ni nzuri na ndiyo sahihi. Ninachosema ni kwa maandishi yatakayosafiri: fomu za mtandaoni, meseji, orodha, mifumo ya maombi.

Meseji za jumla: hapa ritifaa inakula hela

Kijana mmoja, katibu wa kikundi cha wafugaji upande wa Bahi, alikuja kwangu kulalamika kwamba salio lao la meseji za jumla limeisha kabla hata theluthi moja ya wanachama hawajafikiwa. Alikuwa na wanachama 412 na alinunua meseji 412. Akanionyesha alichotuma:

Wafugaji wote wa kata: chanjo ya ng’ombe itatolewa Jumamosi saa 1 asubuhi kwenye josho. Leta ng’ombe wote na kadi ya mifugo. Usichelewe.

Hesabu ukipenda: ni herufi 136 pamoja na nafasi. Meseji moja inabeba 160, kwa hiyo alikuwa salama. Lakini 160 ni kwa jedwali dogo la simu, la GSM, lenye ritifaa iliyonyooka na lisilo na iliyopinda. Ikiingia hata herufi moja ya nje ya jedwali hilo, meseji nzima inahamia jedwali kubwa ambalo kila herufi inachukua baiti mbili, na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Ikizidi 70 inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba 67 tu kwa sababu sehemu inatumika kuvishona upya kwenye simu ya mpokeaji. Vipande viwili ni 134. Yeye alikuwa na 136. Herufi mbili zikamletea kipande cha tatu, na wafugaji 412 wakahitaji meseji 1,236.

"Yaani kaka, ng'ombe wawili wamekula meseji zote hizo?"

Wawili tu. Tulinyoosha ritifaa mbili, ikawa meseji moja.

Ukitunga meseji ya jumla, iandike au ipitishe kwenye sehemu inayokuonyesha idadi ya herufi zilizobaki. Ukibandika na ile namba ikashuka ghafla, kuna kitu ndani. Watuhumiwa ni ritifaa, alama za usemi, kistari kirefu, nukta tatu ambazo Word imezigeuza herufi moja, na vikatuni. Angalia pia ile alama ` iliyo pembeni ya namba 1 kwenye kibodi, ambayo baadhi ya watu huiandika mahali pa ritifaa. Inafanana na iliyonyooka lakini haimo kwenye jedwali la GSM. Mabano ya mraba na alama ya euro yamo, ila kila moja inahesabiwa kama herufi mbili.

Majina yanayofanana lakini hayalingani

Una orodha mbili za wakazi, unazilinganisha kwa VLOOKUP, na Chang'ombe ya huku haioni Chang'ombe ya kule. Kwa macho ni zilezile. Kwenye Excel andika =UNICODE(MID(A2,6,1)), ikuambie herufi ya sita ni namba gani. Ikitoa 39 ni iliyonyooka. 8217 ni ya kupinda. 96 ni ile ya pembeni ya namba 1. 180 ni alama ya mkazo ya Kifaransa iliyopachikwa mahali isikohusika. Kunyoosha ya kupinda: =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'"). Kwenye Word weka kishale mara baada ya herufi unayoishuku, bonyeza Alt+X, na namba yake itatokea kwa mtindo wa 2019, ambayo ni 8217 ileile iliyoandikwa kwa hesabu ya 16. Bonyeza tena irudi.

Mtuhumiwa mwingine haonekani kabisa: nafasi isiyokatika, namba 160, inayokuja sana ukikopi kutoka kurasa za wavuti. Kwenye Excel, TRIM haiigusi. Pima kwa =LEN(A2); Chang'ombe ikitoa 11 badala ya 10, ipo. Dawa ni =TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," ")). Hiyohiyo ikisomwa kwa jedwali lisilo lake ndiyo inayoacha Â peke yake.

Ukikopi kutoka PDF

PDF ni dunia yake. Wachapaji huunganisha f na i kuwa umbo moja, na ukikopi unapata "oﬁsi" na "aﬁsa" ambazo zina herufi nne badala ya tano. Tafuta neno ofisi kwenye waraka huo na utaambiwa halipo. Kopi umbo hilo moja, libandike kwenye kutafuta na kubadilisha, chini uandike fi, maliza kazi.

Kama ukikopi unapata takataka tupu ilhali kwenye kioo pananyooka, PDF hiyo ina michoro ya herufi lakini haina jedwali la kuirudisha kuwa maandishi. Hakuna usimbaji utakaousaidia. Ipakie Google Drive na uifungue kwa Google Docs, isomwe kama picha, kisha uhakiki kwa macho, hasa namba na majina.

Lugha zetu nyingine

Niliyoyasema yote yanahusu ritifaa kwa sababu Kiswahili kina hiyo tu. Mrangi wa Kondoa ana kazi zaidi. Lugha yake, Kɨlaangi, inaandikwa kwa ɨ na ʉ, herufi ambazo hazimo ASCII wala Windows-1252. Kwa jedwali lisilo lake utaona KÉ¨laangi. Kwa programu ya zamani utaona K?laangi, na hapo imekwenda.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea hadithi alizokuwa akiziandika kwa miaka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kijana, akatoa flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na faili za UTF-8 zilizofunguliwa vibaya, tukazirudisha kwa njia ya Notepad++. Ya pili ilikuwa ngumu: faili za zamani sana zilizoandikwa kwa fonti ya kughushi, ambayo ilichora ɨ mahali pa alama nyingine ya kibodi. Kwenye kompyuta yenye fonti hiyo ukurasa ni msafi, kwingine ni vurugu. Hapo kazi ni kuorodhesha alama zilizotumika, kujua kila moja ilisimamia herufi ipi, na kubadilisha mojamoja kwenye nakala. Tulizikuta nne: ndogo mbili na kubwa zake.

Ili kuandika herufi hizo kwenye Word huna haja ya kibodi maalumu. Andika 0268 kisha Alt+X upate ɨ. 0289 inatoa ʉ. Kubwa zake ni 0197 na 0244. Kwa fonti, Times New Roman na Calibri zinazo, na za shirika la SIL kama Charis na Andika ni za bure, tena Andika ina umbo zuri zaidi kwa wanaojifunza kusoma. Hifadhi kila kitu kwa UTF-8. Anayekuomba "faili la kawaida la ANSI" mpe PDF.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka ukurasa wa kwanza ukatoka kwenye printa. Akauinua kwenye mwanga wa mlangoni, akausoma kwa sauti ya chini hadi mwisho, kisha akaniambia mstari wa pili kuna ɨ moja inapaswa kuwa i ya kawaida. Hiyo aliikosea yeye mwenyewe.